Vitabu vya Murumbi

Mchwa wa huku Mlandizi hawaanzi na jalada. Huingilia nyuma ya kabati, pale linapogusa ukuta, wakala kurasa kwa ndani. Kitabu husimama kama kizima mpaka ukivute, ndipo unga ukumwagikie miguuni. Mimi najalidi vitabu, vya shule zaidi, na vya wastaafu wachache. Nikiulizwa ni mtu gani wa kwetu Afrika Mashariki aliyetumia pesa zake kwa vitabu hasa, namtaja Joseph Murumbi.

Alizaliwa Kenya mwaka 1911, baba Mgoa, mama Mmaasai. Alisoma India, akafanya kazi Somalia, kisha miaka ya 1950 akaishi London akipigania uhuru. Baadaye akawa waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1966 makamu wa rais. Kiti hicho alikikalia miezi michache tu, akajiuzulu na kuingia kwenye biashara. Mwaka 1972 yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, jumba la sanaa la Nairobi.

Nyumbani kwake Muthaiga, Nairobi, kulijaa vinyago, stempu na vitabu. Vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900 peke yake vilizidi 8,000! Wageni walimtajia bei nono, akakataa. Aliiuzia serikali ya Kenya vyote, pamoja na nyumba, kwa bei ya chini, kwa makubaliano kwamba nyumba ile iwe taasisi ya masomo ya Afrika.

Taasisi haikuwa. Nyumba iliachwa ikachakaa, mwishowe ikabomolewa. Vitabu vipo hadi leo, Nyaraka za Taifa, katikati ya Nairobi, kwenye jengo lililokuwa benki. Kwa maoni yangu mzee aliamini mno nyumba. Nyumba ni kiwanja, na kiwanja cha Muthaiga hakikosi wa kukimezea mate. Vitabu vilipona kwa kuwa vilipata orodha, na mtu anayelipwa mshahara kuvitunza.

Matajiri wetu wa Mlandizi wanachimba visima, wanajenga misikiti, wanagawa jezi. Sina neno, maana mto Ruvu uko hapo tu na bado kuna nyumba zinanunua maji kwa ndoo. Ila mwenye vitabu akifa, watoto huviuza kwa kilo, karanga zikafungiwa humo.

Juzi mama mmoja mjane alileta sanduku. "Fundi, hivi vya marehemu vina faida?"

"Vinayo, mama. Ila viandikwe kwanza, kimoja kimoja, halafu ukaulize maktaba ya Shirika la Elimu Kibaha kama watavipokea. Kujalidi baadaye."

Orodha anaiandika mjukuu wake, kwenye daftari la hesabu. Wameshagombana: mtoto kauandika na msahafu, bibi kasema ufutwe, huo hautoki nyumbani kwake.