Peni Sita na Saa Nne: Migomo ya London ya Mwaka 1889

Katika historia ya wafanyakazi wa Uingereza, mwaka 1889 hukumbukwa zaidi kwa peni moja, yaani nyongeza waliyoidai makuli wa bandari ya London, ambao walikuwa wakilipwa peni tano kwa saa na wakataka sita. Lakini anayeyasoma madai yao kwa makini huona kwamba dai lililogusa mzizi wa dhiki yao lilikuwa jingine, nalo ni kwamba mtu akishaitwa kazini asiachishwe kabla hajalipwa ujira wa saa nne. Uzito wa dai hilo hauonekani mpaka ieleweke jinsi kazi ilivyokuwa ikipatikana katika bandari hiyo.

Makuli wengi wa London walikuwa vibarua, na si vibarua wa kutwa tu bali wa saa. Walikusanyika kwenye malango ya bandari tangu alfajiri, wakasukumana na kukanyagana mbele ya msimamizi aliyewachagua wachache kwa kuwanyooshea kidole, na waliobaki wakangoja mwito mwingine au wakarudi nyumbani mikono mitupu. Aliyebahatika kuchaguliwa naye hakuwa na hakika ya lolote, kwa kuwa shehena ikiisha baada ya saa moja alilipwa peni zake tano, wakati ambapo peni 12 ndizo zilizofanya shilingi moja, kisha akaonyeshwa mlango. Ushahidi mzito kuliko wote kuhusu hali hiyo ulitolewa na meneja wa bandari ya Millwall, Kanali Birt, aliyeiambia kamati ya Baraza la Malodi mwaka 1888 kwamba watu wake walifika kazini hawajatia kitu tumboni tangu jana yake, wakafanya kazi saa moja hadi njaa ikawashinda, wakachukua ujira wa saa hiyo wakatafute chakula. Maneno kama hayo yakitoka kinywani mwa mwajiri hayahitaji shahidi wa pili.

Utaratibu huo haukuwa ukatili mtupu. Ulikuwa na hesabu zake. Meli za mvuke na Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, vilikuwa vimeharakisha safari kiasi kwamba wenye meli walitaka shehena ipakuliwe mara meli inapofunga gati, nazo kampuni za bandari, zilizozoea kuishi kwa ada za maghala yaliyojaa chai, sufu, viungo na pembe za ndovu, zikiwemo zilizopitia Zanzibar, zikaona mapato yao yanapungua huku zikishindana zenyewe kwa zenyewe. Mojawapo ilijenga bandari mpya huko Tilbury, iliyofunguliwa mwaka 1886, ikazama katika madeni. Kampuni iliyobanwa hivyo iliona nafuu kuwa na umati wa watu langoni, inaowalipa pale tu inapowahitaji.

Vyama vya wafanyakazi vilikuwapo, ila kwa sehemu kubwa vilikuwa vya mafundi, kama vile wahandisi na waseremala, waliolipa ada kubwa na kulinda ujuzi wao. Kwa mtazamo wao, mtu asiye na ufundi hakuweza kuunda chama kwa sababu nafasi yake ingejazwa kesho yake asubuhi. Imani hiyo ilianza kutikisika Julai 1888, pale wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha viberiti cha Bryant & May, ambako fosforasi iliozesha taya za wafanyakazi, walipogoma na kushinda. Machi 1889 Will Thorne, mfanyakazi wa kiwanda cha gesi cha Beckton ambaye kusoma na kuandika kwenyewe kulimpa taabu, alianzisha chama cha wafanyakazi wa gesi, na katika muda wa miezi michache zamu zao za saa 12 zikashuka hadi saa nane bila hata kugoma. Makuli waliyasikia hayo, kwa kuwa wengi wao walikuwa majirani wa watu wa gesi, na wengine walifanya kazi zote mbili kwa kufuata misimu.

Mgomo wenyewe ulianza tarehe 14 Agosti 1889 kwa ugomvi mdogo juu ya kugawana bakshishi ya kupakua upesi shehena ya meli iitwayo Lady Armstrong. Ben Tillett, aliyekuwa akiongoza chama kidogo cha wafanyakazi wa maghala ya chai, aliugeuza ugomvi huo kuwa madai kamili: peni sita kwa saa, peni nane kwa saa za ziada, na kima cha chini cha saa nne kwa kila mwito. Wahandisi wawili wasoshalisti, Tom Mann na John Burns, walikuja kumsaidia, na Eleanor Marx, binti wa Karl Marx, akashika kazi za ukarani. Lililoamua mambo, hata hivyo, ni kwamba wapakizi wa melini, waliokuwa na ujuzi na vyama vyao, walitoka pamoja na vibarua, wakifuatwa na watu wa matishari, hata mto mzima wa Thames ukasimama.

Kila siku maandamano yalipita katikati ya mtaa wa mabenki, yakiongozwa na Burns na kofia yake ya majani, huku waandamanaji wakiwa wamechomeka vichwa vya samaki na vitunguu vinavyonuka kwenye ncha za miti, ili matajiri waone makuli wanakula nini. Fujo zilikuwa chache mno, jambo lililowashangaza waliotarajia umati wa wenye njaa uvunje maduka. Shida ilikuwa chakula. Kamati ya mgomo iligawa tikiti za shilingi moja ambazo wenye maduka walizipokea badala ya fedha, na katika mitaa kadhaa wanawake waliwatangazia wenye nyumba kwamba kodi hailipwi mpaka mgomo uishe. Mwishoni mwa Agosti mfuko ulikuwa karibu kukauka, hata viongozi wakaita mgomo wa London nzima kisha wakaufuta, ndipo fedha zilipomiminika kutoka Australia, ambako vyama vya wafanyakazi wa bandari vilianzisha mchango uliofikia takriban paundi 30,000. Bila fedha hizo ni vigumu kuona jinsi mgomo ungefika Septemba. Makuli nao hawakuwa wachoyo, kwani washonaji wa Kiyahudi wa London Mashariki walipogoma katika majuma hayohayo, kamati ya makuli iliwatolea paundi 100.

Upatanishi uliongozwa na Kadinali Manning, mkuu wa Kanisa Katoliki la Uingereza, mzee wa miaka 81 aliyeheshimiwa na makuli, ambao wengi wao walikuwa wa asili ya Ireland. Tarehe 14 Septemba mkataba ulitiwa saini, na makuli wakapata karibu yote waliyodai, ingawa peni ya sita ilianza kulipwa Novemba 4.

Athari zake zilienda mbali kuliko Thames. Idadi ya wanachama wa vyama vya wafanyakazi nchini Uingereza, iliyokuwa kama 750,000 mwaka 1888, ilikaribia kuongezeka maradufu kufikia mwaka 1892, na watu wa vyama hivyo vipya walikuwa miongoni mwa waliojenga Chama cha Labour. Thorne mwenyewe aliingia bungeni mwaka 1906. Waajiri hawakulala: mwaka 1890 wenye meli waliunda shirikisho lao la kuwapatia wavunja mgomo, na katika muda mfupi chama cha makuli kikapoteza mengi kiliyoyapata. Saa nne zilipunguza makali ya kazi ya kibarua, lakini hazikuifuta.

Mfumo huohuo ulikuwapo katika bandari za dola ya Uingereza, Mombasa ikiwemo, ambako mgomo mkuu wa Januari 1947 uliwasukuma watawala wa kikoloni, katika miaka ya 1950, kuwasajili makuli na kuwaajiri wengi wao kwa mwezi. London ilichelewa zaidi. Pamoja na sheria ya kuwasajili makuli iliyoanza mwaka 1947, watu waliendelea kusimama malangoni wakingoja kuitwa, na kuajiriwa kwa siku kulikomeshwa katika bandari za Uingereza Septemba 1967, miaka 78 baada ya mgomo wa peni sita.