Kutoka Kibanio cha Nguo hadi Ndege Nyuki

Katika vijiji vya Wilaya ya Kilosa vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mahindi yakikomaa, tembo huja usiku, na silaha ya mkulima ni debe, moto na kelele. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964, haina ukuta. Inafaa basi kueleza jinsi mchezo wa kurusha videge kwa redio, uliokuwa anasa ya watu wa mbali, ulivyofika hata ukingoni mwa shamba.

Mwaka 1937 ndugu wawili, Walter na William Good, walirusha huko Michigan, Marekani, kidege kilichoongozwa kwa mawimbi ya redio. Baada ya Vita Kuu ya Pili vyama vya warushaji vikastawi, na sababu mojawapo ilikuwa ya kifizikia. Watu wawili wakiwasha mitambo yao katika masafa yale yale, kidege hupokea amri mbili, nacho huanguka. Kwa hiyo uwanjani paliwekwa ubao wenye vibanio vya nguo: asiyeshika kibanio cha masafa yake hakuruhusiwa kuwasha mtambo. Chama, kwa hakika, kilikuwa ni ule ubao.

Uingereza ilitumia megahezi 35. Mwanafunzi akigawa 300,000,000, yaani mwendo wa mawimbi hayo katika mita kwa sekunde, kwa 35,000,000, ataona kwamba wimbi moja lina urefu wa mita 8.6 hivi. Mitambo iliyoenea katika miaka ya 2000 hutumia gigahezi 2.4, wimbi la sentimita 12.5 tu, nayo hujitafutia njia isigongane na jirani. Ubao ukakosa kazi. Mwanagenzi naye hakulazimika tena kusimama kando ya fundi, na hasara hiyo si ndogo: anunuaye chombo kinachojisawazisha chenyewe aweza kukirusha mwaka mzima bila kujua bawa huinuliwa na nini.

Hapa nchini chombo hicho kimepewa jina zuri, ndege nyuki. Tembo huwakimbia nyuki wa kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Oryx, ambao Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania ilishiriki, ulionyesha kwamba vyombo hivi viliwaondoa tembo mashambani karibu na hifadhi za Serengeti na Tarangire. Yadhaniwa mvumo wake huwakumbusha nyuki.

Mwalimu wa Kilosa atakaye kuunda chama na aanze kwa barua, si kwa gundi: kanuni za usafiri wa anga za mwaka 2018 zadai kibali, na ndani ya hifadhi ruhusa ni ya pekee. Kisha achague mahali. Wimbi fupi halipindi vizuri nyuma ya kilima. Uwanda wa Mkata ni mweupe na utafaa. Mabonde yaliyo chini ya milima ya Rubeho yatakatiza amri kabla chombo hakijafika ng'ambo.