Lango Moja kwa Programu Zote: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumlipa Fundi wa Seva

Kompyuta ndogo iliyowekwa kwenye kona ya duka au sebuleni inaweza kuhifadhi picha za kamera za ulinzi, nyaraka za familia na hesabu za mauzo. Kompyuta inayofanya kazi hiyo huitwa seva. Mwenye mali hupenda kuifikia seva yake hata akiwa safarini, na kwa kuwa jambo hilo linahitaji utaalamu, humwita fundi. Katika sura hii tunaeleza namna iliyo salama ya kuifungulia seva njia ya mtandaoni, ili mtumiaji aweze kumwelekeza fundi, kuikagua kazi yake na kufahamu ni vitu gani lazima vibaki mikononi mwa mwenye mali.

Kwa nini milango mingi ni hatari

Njia rahisi kuliko zote ni kuipa kila programu mlango wake katika ruta: mmoja wa kamera, mwingine wa nyaraka, mwingine wa hesabu. Kila mlango una namba yake, na kila programu huuliza nywila kwa namna yake. Siku ya kwanza kila kitu hufanya kazi vizuri. Hata hivyo, programu moja ikiwa na kasoro, au ikibaki na nywila ya kiwandani, mgeni huweza kuingia kupitia hiyo na kuzifikia nyingine. Zipo pia programu za kamera zenye mlango wa ndani usiouliza nywila kabisa, kwa sababu waliozitengeneza walikusudia mlango huo utumike ndani ya nyumba tu.

Usijifariji kwamba hakuna anayelijua duka lako. Zipo programu za upekuzi zinazopita katika anwani za mtandao usiku na mchana, zikijaribu mlango mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera, vinasa picha na ruta katika nchi nyingi kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa, zikiwemo Twitter na Netflix, zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hivyo hawakujua kwamba kamera zao zimeingizwa vitani.

Sehemu tatu za mfumo ulio bora

Mfumo tunaoupendekeza una sehemu tatu, na ni vema ujue kazi ya kila moja.

Ya kwanza ni kontena. Kama ilivyo bandarini, ambako kila shehena husafiri katika sanduku lake bila kuchanganyika na nyingine, kila programu ndani ya seva huwekwa katika kontena lake pamoja na vitu vyote inavyovihitaji. Chombo kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni Docker, kilichotolewa mwaka 2013. Faida yake kwa mtumiaji ni kwamba programu moja ikiharibika hubadilishwa bila kuzigusa nyingine, na mfumo mzima huweza kuhamishiwa kompyuta mpya kwa kubeba faili za mipangilio na data.

Ya pili ni mlinzi wa lango, ambaye mafundi humwita rivasi proksi. Huyu ni programu inayosimama mbele ya nyingine zote. Ruta hufungua njia ya kwake peke yake, kwa kawaida mlango namba 443, na namba 80 kwa ajili ya kuwaelekeza wageni kwenye njia iliyosimbwa. Mlinzi hulisoma jina aliloliandika mgeni, kisha hulipeleka ombi kwenye kontena linalohusika. Ndiye pia anayetunza cheti cha usalama kinachosimba mawasiliano. Vyeti hivyo hutolewa bila malipo na taasisi ya Let's Encrypt, na mlinzi aliyepangwa vizuri huvihuisha mwenyewe kabla muda wake haujaisha. Traefik, Caddy na Nginx ni miongoni mwa programu zinazotumika kwa kazi hii.

Ya tatu ni kituo cha utambulisho, kinachomwezesha mtu kuingia mara moja na kutambuliwa na programu zote. Authelia, authentik na Keycloak ni mifano yake. Matoleo ya msingi ya programu zote tulizozitaja hupatikana bila ada ya leseni. Fundi akikutoza bei ya “leseni ya Docker” au “ununuzi wa cheti”, mwombe akuonyeshe risiti. Unacholipia kwa kawaida ni kifaa, jina la kikoa, huduma ya intaneti na kazi ya mikono yake.

Ombi linavyosafiri

Tuchukue mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro aliyesafiri kwenda Dar es Salaam kununua bidhaa. Usiku anataka kuona kamera za ghala. Katika simu anaandika anwani ya kamera zake, yaani neno “kamera” likifuatiwa na jina la kikoa cha duka linaloishia na .co.tz.

Ombi linafika kwenye ruta, nayo inalipeleka kwa mlinzi wa lango. Kabla ya kulipitisha, mlinzi anakiuliza kituo cha utambulisho kama mgeni huyu ameshatambuliwa. Kwa kuwa bado, mgeni anapelekwa kwenye ukurasa wa kuingia. Hapo anaandika jina la mtumiaji, nywila, na tarakimu sita kutoka katika programu ya simu yake ambayo hubadilisha tarakimu hizo kila sekunde 30. Akikubaliwa, kivinjari chake kinapewa hati ya muda, na mlinzi anamfikisha kwenye kamera. Baadaye akifungua hesabu za mauzo haulizwi tena, maana hati ile bado ni halali.

Msaidizi wake wa duka ana akaunti yake mwenyewe, inayoruhusiwa kuona hesabu lakini si kamera za nyumbani kwa mwajiri. Siku atakapoacha kazi, akaunti hiyo moja ikifungwa na vipindi vilivyo wazi vikikatishwa, njia zake zote za kupitia lango hilo zimefungwa. Katika mfumo wa milango mingi ingebidi kubadilisha nywila katika kila programu, na ile moja itakayosahaulika ndiyo itakayoleta hasara.

Udhaifu wa lango moja

Lango moja hurahisisha ulinzi, lakini lina gharama yake. Anayeuteka ufunguo wa kituo cha utambulisho ameteka kila kilicho nyuma yake; na kituo kikizimika, hata mwenye mali hukaa nje. Kwa hiyo uthibitisho wa hatua mbili si jambo la hiari katika mfumo huu. Fundi akikwambia ataiweka hatua ya pili “baadaye”, kazi bado haijakamilika.

Yapo pia makosa matatu ya ufungaji ambayo mtumiaji anapaswa kuyajua kwa majina yake.

Kosa la kwanza ni kontena kuachwa na mlango wake wa pembeni. Docker ikiamriwa kufungua mlango wa kontena, huandika kanuni zake yenyewe katika mfumo wa mtandao, na kanuni hizo huweza kuupita ukuta wa ulinzi unaoitwa ufw ambao fundi anadhani unazuia kila kitu. Programu hufikika moja kwa moja, na mlinzi wa lango hubaki akilinda mlango ambao hakuna anayelazimika kuupita.

Kosa la pili hutokana na programu za simu. Baadhi yake hazijui kuonyesha ukurasa wa kuingia wa lango, hivyo hushindwa kuunganishwa. Fundi mwenye haraka huiondoa njia hiyo katika ulinzi ili mteja aridhike. Ikiwa ni lazima kufanya hivyo, programu husika iwe na nywila yake imara na uthibitisho wake wa hatua mbili, na uelezwe wazi kwamba njia hiyo haipiti kwenye lango.

Kosa la tatu ni kutegemea jina lililofichwa. Vyeti vya usalama hurekodiwa katika daftari za wazi ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Kubuni jina gumu la anwani hakumfichi mtu.

Funguo ziwe zako

Hapa ndipo penye uzito mkubwa kuliko maelezo yote ya kiufundi. Mfumo unaweza kuwa umejengwa kwa ustadi, lakini mwenye mali asiwe na kitu mkononi: jina la kikoa limesajiliwa kwa jina la fundi, nywila ya msimamizi iko kichwani mwa fundi, na nakala rudufu ziko katika kompyuta ya fundi. Siku mtakapotofautiana kuhusu malipo, au fundi akihama mji, mwenye seva anakuwa mpangaji katika nyumba yake mwenyewe.

Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya malipo, hakikisha umekabidhiwa yafuatayo kwa maandishi:

- Jina la kikoa lililosajiliwa kwa jina lako au la biashara yako, kwa barua pepe unayoimiliki wewe.
- Nywila za msimamizi wa ruta, wa seva na wa kituo cha utambulisho, ambazo utazibadilisha mwenyewe baada ya makabidhiano.
- Namba za dharura za kukuwezesha kuingia ukipoteza simu, zilizochapishwa na kuhifadhiwa mahali salama.
- Nakala ya faili za mipangilio ya kontena zote, pamoja na nakala rudufu ya data iliyo nje ya seva hiyo.
- Maelezo ya jinsi ya kuingia ukiwa ndani ya nyumba pale kituo cha utambulisho kinapozimika.
- Makubaliano ya nani atasasisha programu, mara ngapi na kwa gharama gani.

Ukitaka fundi aendelee kukuhudumia, mpe akaunti yake mwenyewe unayoweza kuifunga. Usimwachie akaunti yako.

Jaribio la siku ya makabidhiano

Jaribio hili hutumia dakika chache na halihitaji utaalamu. Zima wifi katika simu yako na utumie data ya mtandao wa simu, ili uwe kama mgeni wa nje. Fungua dirisha la siri la kivinjari, kisha uandike anwani ya kila programu. Kila moja inapaswa kukupeleka kwenye ukurasa uleule wa kuingia. Baada ya hapo mwombe fundi akutajie namba za milango ya ndani ya programu, kisha ujaribu anwani ya IP ya nyumba ikifuatiwa na nukta mbili na namba hizo. Hakuna hata moja inayopaswa kufunguka. Ikifunguka, usipokee kazi.

Je, unauhitaji mfumo huu?

Si kila mtu anauhitaji. Ikiwa wanaotazama kamera ni wewe na mwenzi wako tu, njia ya faragha ya VPN, kwa mfano WireGuard, huweza kutosha, nayo haiweki ukurasa wowote hadharani. Aidha, wateja wengi wa intaneti ya simu hushiriki anwani moja ya umma na wenzao, hivyo ruta zao hazifikiki moja kwa moja kutoka nje. Mwulize mtoa huduma wako kuhusu jambo hilo kabla ya kununua kifaa chochote.

Mwisho, kumbuka kwamba kinacholindwa si mali yako peke yako. Picha inayomtambulisha mteja, jirani au mfanyakazi wako ni taarifa binafsi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za namna hiyo azilinde. Kwa hiyo unapomwuliza fundi maswali haya, usione haya wala usihofu kuonekana msumbufu. Fundi mwaminifu atayajibu, tena atafurahi kwamba kazi yake ina mtu wa kuithamini.