Mzee Mgeni Akifariki, Nyumba ni ya Nani?

Hapa Mambrui na Malindi tunao wazee kutoka Italia na kwingineko waliokuja kupumzika baada ya kustaafu. Wengine wameoa kwetu na kujenga. Sasa je, mzee akifariki, mama na watoto watabaki na nini?

Kwanza, kibali. Mstaafu mgeni huomba kibali cha daraja K. Huonyesha mapato ya hakika yasiyopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka, wala haruhusiwi kuajiriwa.

Pili, ardhi. Kwa Katiba ya 2010 mgeni hukodi tu, isizidi miaka 99. Warithi hupata miaka iliyobaki.

Tatu, urithi. Nyumba iliyoko Kenya hufuata sheria ya Kenya. Pesa za benki hufuata sheria ya nchi ya makao yake ya kudumu. Wosia utiwe sahihi mbele ya mashahidi 2, na anayerithi asiwe shahidi.

Nne, ndoa isajiliwe. Bila cheti, mama atahangaika kortini kuthibitisha kwamba alikuwa mke.

Akina mama, msione haya. Kuulizia karatasi mapema si kumtakia mtu kifo.