Tusingoje Chuma Kipasuke

Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, limewafanya baadhi ya wananchi wadhani kwamba zama za mitambo ya joto zimekwisha. Sisi tunasema hapana. Ukame wa mwaka 2006 na wa 2011 ulitufunza kuwa maji hupungua na mgao wa umeme ukaingia. Ukirudi, tutavikimbilia vituo kama Kinyerezi II, kilichozinduliwa mwaka 2018. Kituo hicho huchoma gesi, kisha joto la moshi wake huchemsha maji ili mvuke nao uzungushe mitambo.

Wazee wa Mbwera wanaijua boriti ya mkoko. Hupandishwa darini ikiwa imenyooka. Mzigo hauongezeki wala hauzidi nguvu zake, lakini miaka ikipita hubonyea. Chuma nacho ndivyo kilivyo kikikaa miaka mingi katika joto kali na shinikizo: hujinyoosha kidogo kidogo. Ndani yake, mipakani mwa chembe zake, huzuka vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hujipanga, huungana vikawa ufa, na ufa huwa mpasuko. Mwezi Juni 1985 bomba la mvuke lilipasuka katika kituo cha Mohave, jimbo la Nevada, Marekani, likaua watu 6.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bomba la mvuke, hata kuungoja ufa ni kuchelewa. Mafundi hung'arisha chuma kwenye viwiko na maungio yaliyochomelewa, hukipaka tindikali, kisha hubandika utando laini wa plastiki unaochukua sura yake. Utando huo hutazamwa kwa hadubini, vitundu vikatafutwa. Pia hupima kama kipenyo cha bomba kimetanuka, na hukokotoa umri uliobaki kwa joto na saa za kazi. Joto likizidi kipimo kwa nyuzi 10 hadi 15 tu, umri huo waweza kupungua kwa karibu nusu.

Kwa hiyo daftari la joto lisilojazwa ni hatari sawa na bomba bovu. Wala mtambo wa akiba hausalimiki kwa kupumzika, kwani kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara hukitanua na kukisinyaza chuma hadi kikachoka.

Mwananchi wa visiwani atauliza: yatuhusu nini? Kamba na samaki wetu huhitaji barafu, na barafu huhitaji umeme. Tena fundi asimamaye kando ya bomba ni mtoto wa mtu.

Tunawahimiza viongozi wenye dhamana: kumbukumbu zitunzwe, ukaguzi usiahirishwe kwa kisingizio cha fedha, na vijana wetu wafundishwe kazi hiyo. Gharama ya ukaguzi huonekana leo. Gharama ya kuuacha hulipwa kwa roho za watu.