Namba Tasa, Namba Isiyogawanyika

Hebu, msomaji, yapange maparachichi 12 sokoni Tukuyu. Yatakubali mistari 2, 3, 4 au 6 iliyo sawa. Ongeza moja yawe 13, nayo yatagoma: ama yote mstari mmoja, ama kila moja peke yake. Namba ya namna hii huitwa tasa. Haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Padre Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, alizitafuta kwa njia hii: zidisha mbili tano pamoja, upate 32, toa 1, hubaki 31, nayo ni tasa. Mwaka 1644 alitoa orodha, akasema hata mbili 67 huleta tasa. Lakini alikosea. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Cole alizipata namba zinazoigawanya: 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Oktoba 2024 ilitangazwa tasa kubwa kupita zote zilizojulikana hata siku ile. Ina tarakimu 41,024,320!

Faida yake nini? Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi. Kuzitambua tena katika zao lake ni kazi ngumu mno. Juu ya ugumu huo, tangu 1977, wataalamu wamejenga kufuli za kulinda siri za benki na intaneti. Siku mtu akigundua njia ya mkato, kufuli hizo zitafunguka.

Basi, wazazi, mtoto akihangaika na hesabu za kugawanya, msimwambie ni kazi bure.