Mipaka ya majimbo ya uchaguzi: Sauti ya mwananchi huanzia wapi?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mkazi wa Chamazi jijini Dar es Salaam hakuhama nyumba wala mtaa mwaka 2025, lakini jimbo lake la uchaguzi lilibadilika. Eneo lililokuwa sehemu ya Jimbo la Mbagala likapata jimbo lake lenyewe, na kwa hiyo mbunge wake.

Mabadiliko hayo yalitangazwa tarehe 12 Mei 2025 na Mwenyekiti wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi (INEC), Jaji wa Rufani Jacobs Mwambegele. Majimbo mapya 8 yalianzishwa: Kivule na Chamazi mkoani Dar es Salaam, Mtumba mkoani Dodoma, Uyole mkoani Mbeya, Bariadi Mjini mkoani Simiyu, Katoro na Chato Kusini mkoani Geita, na Itwangi mkoani Shinyanga. Idadi ya majimbo nchini ilipanda kutoka 264 hadi 272, ambapo 222 yapo Tanzania Bara na 50 Zanzibar. Majimbo mengine 12 yalibadilishwa majina, likiwemo Nkenge ambalo sasa linaitwa Missenyi.

Tangu hapo wananchi wengi wamekuwa wakiuliza: nani huamua kwamba jimbo hili ligawanywe na lile libaki lilivyo? Je, mwananchi wa kawaida ana nafasi gani katika uamuzi huo?

Msingi wa Katiba

Ibara ya 75 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inaipa Tume mamlaka ya kuigawa nchi katika majimbo ya uchaguzi baada ya kupata kibali cha Rais. Ibara hiyo inaitaka Tume kuchunguza mgawanyo huo mara kwa mara, na angalau kila baada ya miaka kumi. Mabadiliko yanayotokana na uchunguzi huo hayamwondoi mbunge aliyepo madarakani. Huanza kutumika Bunge linapovunjwa kwa ajili ya Uchaguzi Mkuu.

Vigezo vinavyopimwa

Kigezo kinachofahamika zaidi ni idadi ya watu. Katika zoezi la mwaka 2025, kiwango kilichotangazwa kilikuwa watu 600,000 kwa majimbo ya mijini na watu 400,000 kwa majimbo ya vijijini. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Katika Jiji la Dodoma walihesabiwa watu 765,179, na wote walikuwa katika jimbo moja. Manispaa ya Temeke ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.3 katika majimbo mawili tu. Kwa hesabu hiyo, si vigumu kuona kwa nini Mtumba na Chamazi yalizaliwa.

Hata hivyo, wingi wa watu hautoshi peke yake. Tume hutazama pia upatikanaji wa mawasiliano, hali ya kijiografia, ukubwa wa eneo, hali ya uchumi, mpangilio wa makazi ya watu na mipaka ya kiutawala. Jimbo moja halipaswi kuwa ndani ya wilaya au halmashauri mbili, na kata moja haipaswi kuwa ndani ya majimbo mawili. Uwezo wa Ukumbi wa Bunge huzingatiwa, pamoja na idadi ya wabunge wa viti maalumu wanawake, ambayo kikatiba huongezeka kadiri idadi ya wabunge wengine inavyoongezeka.

Kipo pia kigezo cha mazingira ya Muungano. Hiki ndicho kinachoeleza kwa nini Zanzibar, yenye watu 1,889,773 kwa sensa hiyo, ina majimbo 50, wakati Bara yenye watu 59,851,347 ina majimbo 222. Hesabu ya watu peke yake isingeleta uwiano huo. Umetokana na Muungano wa pande mbili.

Njia ya maoni

Tume ilifungua dirisha la maombi tarehe 27 Februari 2025 na kulifunga tarehe 26 Machi 2025. Ndani ya muda huo, ombi lilitakiwa kupita katika ngazi tatu. Kwanza lilijadiliwa katika kikao cha halmashauri husika, ambako madiwani huwasemea wananchi wa kata zao. Kisha lilipelekwa katika Kamati ya Ushauri ya Wilaya, na hatimaye katika Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kabla ya kuifikia Tume kwa ajili ya uchambuzi.

Hapo ndipo ilipo nafasi ya mwananchi. Siku 28 ni chache kwa ombi linalopaswa kuvuka vikao vitatu. Eneo lililosubiri tangazo ndipo lianze kukusanya takwimu, kuchora ramani na kubishania jina la jimbo jipya lilikuwa limekwisha kuchelewa. Lililokuwa limeizungumza hoja yake mapema, katika mkutano mkuu wa kijiji au mkutano wa mtaa, kisha katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, lilimpa diwani wake hoja iliyokamilika ya kuingia nayo kikaoni.

Umuhimu wa kuwahi unaongezwa na jambo moja ambalo wengi hawalifahamu. Kwa mujibu wa Ibara hiyo ya 75, mahakama haina mamlaka ya kuchunguza jambo lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake ya kugawanya majimbo. Mwananchi asiyeridhika na mpaka hawezi kutegemea kwenda kuufungulia shauri baada ya kutangazwa. Wakati wa kusema ni kabla ya uamuzi, na mahali pa kusemea ni vikaoni.

Kinachobadilika na kisichobadilika

Jimbo jipya humpa mwananchi mbunge anayehudumia watu wachache zaidi, na huwa na sehemu yake katika Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Jimbo si wilaya wala halmashauri. Kugawanywa kwa jimbo pekee hakuleti mkuu wa wilaya mpya, hospitali ya wilaya wala makao makuu mapya, na hakubadili mpaka wa shamba au kiwanja cha mtu. Mambo ya kuanzisha wilaya, halmashauri, kata na vijiji yana utaratibu wake wa kisheria, na mengi kati yake hupitia Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa.

Kwa wananchi ambao maeneo yao hayakugawanywa, mlango haujafungwa daima. Katiba inaitaka Tume kurudia uchunguzi huu ndani ya miaka kumi. Wenye hoja wanaweza kuanza sasa: wajue idadi ya watu wa kata zao kwa mujibu wa sensa, waeleze umbali na hali ya barabara, na wahakikishe hoja hiyo inaandikwa katika muhtasari wa mkutano wa kijiji au mtaa wao. Dirisha litakapofunguliwa tena, muhtasari huo ndio utakaothibitisha kwamba ombi limetoka kwa wananchi wenyewe.